Mama Ritha Amepauka

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Wiki saba kamili za ndoa! Nimezihesabu kwa vidole asubuhi, Bujiku akiwa bado amelala. Nilimtazama mpaka chai ikachemka, ikamwagika, ikazima jiko. Akaamka kwa harufu ya kuungua, akacheka. Mume wangu! Bado naliandika neno hilo kama mtoto anayejifunza herufi. Mume, mume, mume.

Hufika Ijumaa jioni kutoka Isaka, anakokagua makontena bandari kavu. Jumatatu alfajiri anaondoka tena. Siku za katikati ni ndefu kuliko Kwaresima.

Leo tumezungumzia picha. Tarehe 23 ukoo unajengea kaburi la mama yake, na mimi, mkwe ambaye hakuwahi kumwona, ndiye ninayemchora! Alifariki 2006, Bujiku akiwa na miaka tisa. Imebaki picha moja tu, ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, imekunjika shavuni. Kwa hiyo umbo ninalo. Rangi sina.

Nimewauliza wote. Baba mkwe kasema, "Udongo wa mbuga, mvua ikishanyesha." Wifi Ritha, mtoto wa kwanza, ambaye ana duka la vipodozi Rwamgasa, kanijibu kwa simu, "Mbegu ya ukwaju, wifi. Ile iliyonyonywa ikabaki inang'aa." Bujiku yeye akasema uso haukumbuki vizuri. Anakumbuka mikono, ilivyokuwa inateleza kwa mafuta.

Wote wanasema mafuta. Mama Ritha hakuvuka kizingiti bila kujipaka samli, hata akienda kuchota maji tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Imekwisha! Nimempata!

Nilikuwa nimekaa studio kwa kaka Wiliam, anayenifundisha kuchora kwa kompyuta, tangu saa mbili, nikiongeza kahawia juu ya nyeusi, wekundu kidogo chini ya jicho, kisha ule mng'ao wa paji la uso na wa mikono niliyomwongezea. Ghafla akawa mtu. Nikasema "Shikamoo, Mama" kabla sijajizuia. Wiliam akacheka mpaka akakohoa.

Baba mkwe alikuja na baiskeli kuona. Alivua kofia mbele ya kompyuta. Akapeleka kidole karibu na kioo, akakirudisha. "Amepakwa," akasema. Neno moja! Nikalia mimi.

Wiliam ameniusia. Picha hii nimeichora kwenye mfumo wa rangi wa Adobe RGB kwa sababu mchapaji wa turubai kule Mwanza ndivyo alivyotaka. Sawa. Ila ya mtandaoni niigeuze kwanza iwe sRGB, mfumo wa simu, na kile kisanduku cha kuambatanisha profaili ya rangi nikiache na tiki. "Usisahau, Lavu." Nikamwambia, kaka Wiliam, mwanafunzi wako atasahau vipi?

Jumatano, 6 Agosti

Bujiku kaja! Jumatano! Kaazima pikipiki, kasimama nje ya studio, kapiga honi mara tatu, watu wote wa stendi hapa Tinde wanageuka!

Nilikuwa natoa ile picha ya mtandaoni. Ritha alikuwa ameandika kwamba ukurasa wa ukoo aliouanzisha haupokei faili nzito, niipunguze. Nikapunguza ukubwa. Bado nzito kidogo. Honi tena! Nikaondoa tiki kwenye kila kisanduku nilichokiona, ikawa nyepesi, nikaituma, nikakimbia nje na mkoba haujafungwa.

Tumekula samaki kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshikwa. Furaha hii ina mwisho kweli?

Ijumaa, 8 Agosti

Ina mwisho.

Sikukuu ya Nane Nane. Tulikuwa nyumbani kwa Baba, mimi na Bujiku, tunakula. Baba Mdogo Mwigulu akaingia na simu yake mkononi. "Kaka, mmeona alichokifanya binti yako? Ukoo mzima unaangalia."

Baba akaishika simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu ni nani?"

"Mama Ritha."

"Huyu amepauka."

Nikachungulia begani kwake. Ni yeye, ni mistari yangu, ni jicho langu, lakini ngozi imekuwa kijivu! Wekundu wote umekwenda. Mng'ao umekuwa vumbi. Kama mtu aliyelala karibu na majivu.

Niandike hapa nisijidanganye baadaye. Huku mtu haachwi apauke. Mgonjwa anapakwa. Maiti anapakwa. Aliyepauka ni yule asiye na watoto wa kumpaka. Na mama huyu ameoneshwa hivyo kwa ndugu wa Mwanza, wa Dar es Salaam, mpaka yule wa Kanada.

"Ni Ritha," Baba Mdogo akasema. "Uso wake mwenyewe kila siku anauwekea filta, leo kahamia kwa marehemu. Kesho atamvalisha miwani ya jua!" Watu wakacheka. Shangazi mmoja akadakia, "Si anauza mkorogo? Kampa mama yake sampuli!"

Baba hakucheka. Alisema, "Mimi nilimwona kwa Wiliam kwa macho yangu. Alikuwa amepakwa. Njiani ndipo amepanguswa."

Kisha wote wakanigeukia mimi. Kwa huruma! "Pole mkwe, kazi yako nzuri imeharibiwa."

Nikasema asante.

Asante! Ningeweza kusema subirini, nilikuwa na haraka, niliondoa tiki. Maneno matano au sita. Nikasema asante. Bujiku akanifinya mkono chini ya meza kunifariji.

Jumapili, 10 Agosti

Ritha kapiga baada ya ibada. Sauti yake haikuwa ya kugomba. Ingekuwa ya kugomba ningepumua.

"Wifi, mimi sikugusa kitu. Nimeiweka kama ulivyoituma. Naapa kwa huyo mama aliyelala. Hebu waambie tu."

Nikasema, "Ngoja niangalie tatizo ni nini, wifi."

"Baba hapokei simu yangu. Tangu Ijumaa."

"Nitaangalia."

"Sawa, wifi yangu. Nakuamini wewe, wewe umesomea."

Nimesomea! Kidato cha nne na miezi mitano kwa Wiliam. Nilikaa chooni mpaka Bujiku akaja kugonga, akauliza kama naumwa. Akanitengenezea tangawizi. Anavyonipenda! Nikainywa yote bila kumtazama.

Jumatatu, 11 Agosti

Wiliam yuko Shinyanga mjini hadi Jumatano. Nimejaribu kurekebisha mwenyewe, kimya kimya. Nimefungua ile faili iliyokwenda. Kompyuta ikauliza isomwe kwa profaili gani. Nikachagua sRGB, kwa sababu ndiyo ya mtandaoni, si ndivyo? Nikaihifadhi, tiki zote zimo. Nikamtumia Ritha, nikamwambia aibadilishe.

Safari hii itakuwa sawa. Mungu, iwe sawa.

Jumanne, 12 Agosti

Haikuwa sawa. Kijivu kilekile!

Na sasa wanasema Ritha ni jeuri. Ameambiwa ameharibu, akaondoa, akarudisha uchafu uleule makusudi. Baba Mdogo kampigia simu Bujiku kazini, Isaka, kumlalamikia. Nimemwongezea Ritha kosa la pili kwa mkono wangu.

Siandiki zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Wiliam karudi. Nilimwonesha nikiwa nimefumba macho nusu. Hakunigombeza. Alivuta tu kiti.

"Lavu, kwenye kompyuta rangi ni namba tu. Profaili ndiyo inayosema ni namba za kipimo gani. Mtu akiandika 'tano' kwenye gunia la mpunga, tano za nini? Madebe? Visado? Asiposema, anayesoma atachukua kipimo anachokijua yeye. Adobe RGB ni debe. Simu za watu zinajua kisado. Wewe ulipima madebe matano, hukuyageuza kuwa visado, ukafuta neno debe. Wao wakasoma visado vitano. Mama wa watu akapungua."

"Na ile ya Jumatatu? Niliandika sRGB!"

"Ndiyo. Uliandika neno 'kisado' kwenye gunia la madebe. Hukumimina upya. Kubandika jina ni kitu kimoja, kugeuza ni kitu kingine."

"Mbona hapa studio alionekana vizuri?"

"Kwa sababu programu hii inajua umepima na nini. Ungemtazama kwenye simu yako kabla ya kutuma, ungemwona."

Kwenye simu yangu! Ilikuwa ndani ya mkoba. Dakika moja. Nilikuwa na dakika moja ya kumtazama mama mkwe wangu nikaipeleka kwenye honi.

Wiliam akauliza, "Umeshawaambia ukweni?" Nikajifanya nafuta kioo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefungua ile ya asili, nimeigeuza kweli, nimeambatanisha profaili, nimeitazama kwenye simu yangu, ya Wiliam, na ya mama muuza maandazi wa mlangoni. Zote tatu: mbegu ya ukwaju! Muuza maandazi kasema, "Mama huyu ana ngozi, jamani, anatumia nini?"

Nimeituma. Ritha kaiweka saa nane. Kaniandikia, "Mama huyo! Asante wifi, umeniokoa."

Sijamwokoa. Ila labda sasa yataisha yenyewe. Watu wakiona picha nzuri watasahau.

Ijumaa, 15 Agosti

Hawakusahau. Nilichokifanya jana kimekuwa ushahidi.

Nimepita kwa Baba kupeleka dawa yake ya macho. Baba Mdogo alikuwepo, simu mkononi, anacheka kwa ushindi. "Unaona? Si kaona aibu, kaiondoa filta! Ingekuwa si yeye, imejirekebishaje?" Na Baba kaitikia kwa kichwa. Polepole, kama mtu anayefunga hesabu.

Kumbe picha ikipona, Ritha anazidi kuhukumiwa. Kompyuta imemaliza kazi yake. Kilichobaki kinatakiwa kutoka mdomoni mwangu.

Nilisimama pale na chupa ya dawa. Nikasema, "Baba, usisahau matone mawili, asubuhi na jioni." Nikaondoka.

Jumapili, 17 Agosti

Bujiku kazungumza na dada yake kwa simu, mimi nakunja nguo kitandani. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Dada, omba msamaha tu yaishe! Kwani neno samahani linauzwa?"

Nilisikia sauti ya Ritha upande wa pili, nyembamba, haikatiki. Bujiku akakata simu, akakaa, akashika kichwa.

Kasema Ritha hatakuja tarehe 23. Kwamba hawezi kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Na kwamba Baba naye ameshasema la kwake: jiwe la kwanza la kaburi, ambalo kwa ukoo huu huwekwa na mtoto wa kwanza, ataliweka mke wa Bujiku. Mimi!

"Baba anakupenda mno," Bujiku akasema, akanilaza kichwa begani kwake. "Angalau kuna kitu kimoja cha kunifurahisha."

Marehemu anaitwa Mama Ritha. Jina lake lenyewe limebeba la binti yake. Na jiwe niweke mimi?

Nilifungua mdomo. Bega lake lilikuwa na joto. Nikaufunga. Nitasema kesho, nitasema kesho — nimekuwa mwoga wa bega la mume wangu.

Jumatano, 20 Agosti

Turubai limefika kutoka Mwanza. Zuri, zuri, zuri. Limekuwa kubwa kuliko mlango wetu. Bujiku yupo likizo kwa ajili ya shughuli. Aliligusa mahali pa mikono, akageuka ukutani. Sikumfuata. Sikuwa na haki ya kumfuata.

Kila anayeingia anasema vilevile. "Ona kazi ya mkwe! Na yule kule alivyotaka kuiharibu."

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia Bujiku.

Nilimwambia asubuhi, akiwa anafunga turubai kwa shuka. Nikamwambia yote, honi na tiki na madebe na visado na ile asante. Nilikuwa nalia, natumaini atanigombeza.

Akaniuliza tu, "Nani mwingine anajua?"

"Wiliam."

"Basi yaache hivyo. Picha si imeshakuwa nzuri? Shughuli ni keshokutwa. Ukisema sasa utaonekanaje? Mkwe mgeni, wiki kumi. Ritha amezoea maneno. Yeye ni damu, hatupwi."

Alisema kwa upendo. Anachofanya ni kunikinga, najua. Wiki zilizopita ningeandika ukurasa mzima namna anavyonikinga. Lakini nilimtazama na kwa mara ya kwanza tangu tarehe 14 Juni nikamwona ni mtu tu, amesimama na shuka mkononi, yuko tayari kumwacha dada yake nje ili mimi nibaki ndani. Na mimi ndiye niliyemfundisha. Siku kumi na tatu nimekaa naye ndani ya uongo, sasa ameuona ni nyumba.

Nimekwenda kumwandikia Ritha. "Wifi, njoo. Kosa ni langu. Nitasema mbele ya Baba kesho." Nikabonyeza kabla sijaisoma mara ya pili. Hakujibu.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika nyumbani kwa Baba, saa kumi, laptopu ya Wiliam inawaka. Ni kuukuu, inachukua muda wake.

Asubuhi nilikuja peke yangu. Nikapiga goti. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mayu," yaani mama, ndivyo anavyoniita. Nikasema, "Baba, picha ile niliiharibu mimi. Ritha hakugusa kitu."

Nilijiandaa kwa kila jibu. Isipokuwa hilo alilonipa. Aliniwekea mkono kichwani.

"Una moyo mzuri, mayu. Lakini usijitwishe mzigo wa wifi yako. Mimi nilimwona kwa Wiliam. Na lile turubai liko pale. Aliyechora vile hawezi kupausha."

"Baba, ni kompyuta. Ni profaili ya rangi, nilifuta —"

Baba Mdogo akacheka. "Kompyuta inapausha mtu? Mkwe, kutetea nako kuna kipimo!" Na shangazi aliyekuwa anachambua mchele akasema hakika kaka yake Maduhu amepata mkwe, mtoto wa wenyewe huyu.

Nimekiri, nimesifiwa! Nilitoka uani, nikasimama kwenye ua wa minyaa.

Saa sita simu ikaita. Ritha, yuko stendi Tinde. "Nimekuja kwa mama yangu. Sikuja kwao." Nikaenda kumpokea. Ametoka Rwamgasa alfajiri, vumbi hadi kwenye kope. Hakunikumbatia.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Hawakuniamini."

Alinitazama muda mrefu. Ana macho yale niliyoyachora. Sikuwa nimeyaona hivyo. Kisha akacheka kicheko kifupi kibaya. "Siku zote hizo ungesema wangekuamini. Umengoja hadi umekuwa malaika."

Kweli. Sina la kuongeza hapo.

"Basi waoneshe," akasema. "Kama ni mkono wako, fanya tena mbele yao."

Nilimwambia hajui anachoomba. Kuonesha maana yake nimchukue mama yake aliyepakwa, nimpaushe upya, mbele ya Baba, siku moja kabla ya jiwe. Akasema anajua. "Mimi nilimwona hivyo wiki nzima, wifi, na nikaambiwa ni mimi."

Tukapita kwa Wiliam kuchukua laptopu. Akatia na waya wa chaji kwenye begi.

Sasa tupo hapa. Baba Mdogo amekunja mikono. Bujiku kaja, kasimama mlangoni, hanitazami. Nilimwambia Baba, "Nipe dakika moja, nitakuonesha nilivyofanya. Utamwona anapauka kwa mkono wangu." Akavuta kigoda mwenyewe, akapangusa macho kwa kona ya shati.

Imewaka. Nimefungua ile ya asili. Amejaa kioo chote — mbegu ya ukwaju, udongo wa mbuga.

Mshale uko juu ya kisanduku. Baba ameinua mkono.

"Ngoja, mayu. Niache kwanza nimtazame."

Anamtazama. Ritha amekuja polepole kutoka nyuma, amesimama karibu na kigoda chake. Hajamsalimia, wala Baba hajageuka. Lakini amesogea kidogo pembeni, kumpa nafasi naye aone. Au ni kigoda tu kilichoyumba, sijui —

Baba anasema, "Haya. Fanya."